Jiko Lisiingie Hemani

Jumamosi moja tulipiga kambi milimani Lushoto, marafiki watano. Usiku baridi ilipozidi, mwenzetu akataka kuingiza jiko la mkaa hemani. "Mbona halitoi moshi tena?" akauliza. Nilikataa, tukagombana.

Hatari si moshi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, usingizi hukulemea, na huenda usiamke. Kufungua zipu kidogo hakutoshi.

Basi jiko libaki nje, mbali na mlango. Ndani ongezeni mablanketi na soksi. Mwenzenu akilalamikia kichwa, mtoeni kwenye hewa safi, kisha mkimbizeni hospitali.

Heri rafiki aamke amekununia kuliko asiamke kabisa.