Pumziko la Ardhi Katika Shamba Dogo

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza kwamba kila mwaka wa saba ardhi ipewe pumziko. Wazee wetu walilijua pumziko hilo kwa njia yao: shamba lililochoka waliliacha, wakalima jingine. Leo hapa Itiryo shamba lililomlisha baba hugawanywa kwa wanawe, na mahindi hupandwa palepale msimu baada ya msimu. Je, asiye na shamba la pili aipumzishe vipi ardhi yake?

Jibu mojawapo lilitoka Peramiho, mkoani Ruvuma. Huko Padre Gerold Rupper, mmonaki Mbenediktini, aliwahimiza wakulima wapande marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaorejesha rutuba. Majirani zetu Wajaluo hula majani yake kama mboga, wakiyaita mitoo.

Hewa ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuichukua humo. Mikunde huipata kwa msaada wa bakteria waitwao rizobia, waishio katika vinundu vya mizizi yake. Mmea huwapa sukari, nao huupa naitrojeni. Ng'oa mche mmoja wakati wa maua, upasue kinundu: kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika.

Kunde na marejea kwa kawaida huwakuta bakteria wao udongoni. Soya mara nyingi haiwakuti, hivyo mbegu zake hupakwa unga wenye bakteria hai. Unga huo usipigwe na jua. Mbegu zilowanishwe kidogo kwa maji ya sukari, zichanganywe na unga kivulini, na zipandwe siku hiyohiyo. Unga wa soya haufai kwa maharage.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kupanda mikunde kunatosha. Naitrojeni nyingi huondoka pamoja na punje. Tukivuna maharage na kubeba hata masalia yake, ardhi hubakiwa na kidogo mno. Marejea hurutubisha kwa kuwa tunayaacha: hukatwa yakianza kutoa maua, yakalazwa shambani au kufukiwa. Mwenye shamba dogo ayapande kati ya mistari ya mahindi baada ya palizi, yaendelee kukua mahindi yakishavunwa.

Lakini baada ya mavuno ng'ombe huingia mashambani, na mkulima mmoja hawezi kuwazuia peke yake. Ndiyo maana tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zikae na wafugaji kabla ya kupanda, wakubaliane. Sheria ile ya Walawi haikuwasahau wanyama. Mabua yakatwe, wapelekewe ng'ombe zizini, na samadi yao irudi shambani.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alitufundisha kuitunza dunia kama nyumba yetu ya pamoja. Kwetu sisi utunzaji huo uanzie hapa: tusichukue vyote shambani, bali tuiachie ardhi sehemu yake, ili watoto wetu nao wapate pa kuvuna.