Zawadi Ndogo ya Noeli kwa Meno ya Watoto

Desemba ikifika barabara itokayo Dar es Salaam hujaa mabasi yaendayo Moshi. Watu wa mlimani wanarudi kihambani: wa Marangu, wa Kibosho, wa Machame, wa Rombo. Na katika mizigo yao, pamoja na mchele na kitenge cha bibi, hazikosekani pipi. Mjomba ana pipi, shangazi ana biskuti, baba mdogo amebeba kreti ya soda. Wajukuu wanawangojea, na tangu mkesha wa Noeli hadi mwaka mpya vinywa vyao havipumziki.

Hatusemi mtoto asionje kitu kitamu siku kuu. Huo ungekuwa ukali usio na maana. Ila fahamuni namna jino linavyooza. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hulainisha ganda la jino. Mate hulikaza tena, lakini yanahitaji muda. Kwa hiyo mtoto alaye pipi tano pamoja na chakula chake huumia kidogo kuliko yule amumunyaye moja moja tangu asubuhi hadi jioni. Basi pipi zitolewe wakati wa kula, na zikiisha ziishe.

Mwaka huu ongezeni kitu kingine mfukoni: mswaki mdogo. Katika soko la Mbuyuni au duka lolote la Moshi mjini haupiti uwezo wa mtu. Chagueni wenye kichwa kidogo na nywele laini, na kila mtoto awe na rangi yake, maana ziko nyumba ambamo ndugu watatu hupokezana mswaki mmoja, na hilo si jema. Andikeni herufi ya jina lake kwenye mpini. Mtoto hukilinda kitu kilicho chake. Mkiweza, tieni na kioo kidogo cha mkononi, apate kuyaona magego ya nyuma ambayo mkono wake huyasahau.

Lakini angalieni namna ya kuitoa zawadi hiyo. Watoto wengi wa huku wana madoa ya kahawia kwenye meno. Mgeni kutoka mjini hutazama, kisha husema mbele ya binamu zake wote, "Kwani wewe hupigi mswaki?" Neno kama hilo humfanya mtoto afunike mdomo kwa mkono kila achekapo, pengine mpaka utu uzima. Wala si kweli! Madoa yale si uchafu. Ni kazi ya floridi iliyoingia mwilini wakati meno yalipokuwa yangali yanaumbwa ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane ya kwanza hivi.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na sehemu nyingi za kaskazini maji yetu hupita kiasi hicho. Kwetu mlimani kuna jambo la ziada. Mwaka 1998 watafiti walichapisha habari za watoto wa Kilimanjaro ambao maji yao yalikuwa na floridi kidogo mno, na hata hivyo meno yao yalikuwa yameharibika kwa madoa. Miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa ni magadi, hayo hayo tunayotia katika kiburu na makande. Magadi mengine yana floridi nyingi sana. Mama mwenye watoto wadogo afadhali aloweke maharage usiku kucha, na chungu cha wadogo kisitiwe magadi.

Doa hilo halitoki kwa mchanga, wala majivu, wala mkaa. Vitu hivyo hukwangua ganda la jino tu. Likimsumbua sana mtoto, apelekwe kwa daktari wa meno, KCMC au Mawenzi, wala asisuguliwe nyumbani mpaka atokwe damu.

Mtu atauliza: kama floridi ndiyo iletayo madoa, mbona imetiwa katika dawa ya meno? Ni kwa sababu ikigusa jino kwa nje hulikaza lisioze. Ikimezwa kila siku na mtoto mdogo ndipo inapodhuru. Aliye chini ya miaka 3 atosheke na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere, kisha ateme. Yale matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki mzima msiyafuate.

Na kama bibi hapendi vitu vya plastiki, mswaki wa mti ungali unafaa. Ncha itafunwe mpaka iwe laini, na usugue hadi nyuma, si meno ya mbele peke yake kama wengi wafanyavyo.

Mtoto wa miaka 6 mpeni zawadi yake kwa maneno ya pekee. Umri huo gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, na wazazi hulidhani la utoto wakaliacha lioze. Hilo halina mbadala. Mwonyesheni katika kile kioo.

Nyuma ya kalenda ya mwaka unaokwisha, mchoreeni visanduku tangu Noeli mpaka shule ifunguliwe Januari. Kila siku atie alama mbili, moja asubuhi na moja kabla ya kulala. Wa chini ya miaka 7 au 8 mkono wake haujawa hodari, basi mkubwa amalizie. Baada ya miezi mitatu nywele za mswaki huwa zimelala, na Pasaka huwa karibu. Shangazi anayekuja tena kijijini anajua la kuchukua.