Sumu ya Wadudu Haibagui

Tarehe 16 Julai 2013, watoto wa shule ya msingi katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar, nchini India, walikaa kula chakula cha mchana. Walipewa wali na mchuzi. Baadhi yao walisema chakula kina ladha mbaya. Muda mfupi baadaye walianza kuumwa tumbo na kutapika. Watoto 23 walikufa.

Wataalamu walipima mabaki ya chakula na chombo cha mafuta ya kupikia. Walikuta sumu ya kuulia wadudu wa shambani, inayoitwa monokrotofosi. Mpishi hakuwa na habari. Naye alikula chakula kile, akaugua, akapona.

Ndugu msomaji, India ni mbali. Lakini sumu za jamaa hiyo ziko mpaka vijijini kwetu. Ziko ghalani, chini ya kitanda, na mara nyingine ndani ya chupa ya soda. Sisi tunaziita "dawa". Neno hilo linatudanganya. Je, dawa hiyo inamuuaje mdudu? Na kwa nini inamuua mtu pia?

Shanga za mwili

Sote tumesikia neno protini. Tunaambiwa tule maharage, samaki na mayai ili tupate protini. Protini ni kama uzi wa shanga. Kila shanga inaitwa asidi amino. Ziko aina 20 za shanga hizo. Uzi mfupi unaitwa peptidi. Uzi mrefu uliojikunjakunja ndio protini. Ukila maharage, tumbo linakata nyuzi za maharage. Halafu mwili unazichukua shanga zile na kutunga nyuzi zake wenyewe.

Protini nyingine kazi yake ni kujenga nyama na nywele. Nyingine ni vibarua wa mwili. Hizo huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja kinakaa pale ambapo mshipa wa fahamu unakutana na msuli.

Ukitaka kuinua jembe, ubongo unapeleka habari katika mshipa wa fahamu. Mwisho wa mshipa huo unatoa kemikali inayoitwa asetilikolini. Kemikali hiyo inauambia msuli, "Vuta!" Msuli unavuta. Papo hapo kimeng'enya kinaikata kemikali ile, na msuli unalegea. Mambo haya yote yanakwisha upesi kuliko kupepesa jicho.

Kimeng'enya hiki kina shanga zaidi ya 500. Lakini shanga inayoikamata kemikali ili ikatwe ni moja tu. Inaitwa serini. Likumbuke jina hilo, maana sumu inaitafuta shanga hiyo.

Fosforasi ni kitu gani?

Sumu tunazozisema zimetengenezwa kwa fosforasi. Fosforasi yenyewe si adui. Imo katika mifupa yetu. Imo katika mbolea ya fosfeti inayochimbwa Minjingu. Aliyeigundua ni Mjerumani Hennig Brand, wa mji wa Hamburg, mwaka 1669. Bwana huyo alikuwa akitafuta dhahabu katika mkojo! Aliuchemsha mkojo mwingi sana. Dhahabu hakuipata. Alipata kitu kinachong'aa gizani.

Hatari inakuja fosforasi inapounganishwa na vitu vingine kwa namna fulani. Mwaka 1936 mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta sumu ya wadudu. Alitengeneza kitu chenye fosforasi. Tone dogo lilipomwagika, yeye na msaidizi wake hawakuona vizuri na pumzi zikawabana. Ilibidi waache kazi wapumzike. Jeshi la Ujerumani likakichukua kitu hicho kiwe silaha ya vita. Jina lake ni tabuni. Sumu nyingi za shambani ni ndugu za tabuni, ingawa nguvu zake ni ndogo kuliko hiyo.

Sumu hiyo ikiingia mwilini, fosforasi yake inaing'ang'ania ile serini. Ni kama mtu aliyetia gundi katika tundu la kufuli. Kimeng'enya hakiwezi kazi tena. Asetilikolini inajaa. Msuli unaambiwa "Vuta! Vuta!" bila kupumzika. Mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Na mtu? Mtu ana kimeng'enya cha namna ile ile, na serini ile ile. Sumu haijui kama imeingia kwa kiwavi au kwa mtoto.

Mtu aliyepata sumu hiyo anatoka jasho, machozi na mate mengi. Anatapika na kuharisha. Mboni za macho yake zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Misuli inachezacheza. Mapafu yanajaa maji, na pumzi inashindwa.

Wengi wanadhani sumu inaingia kwa mdomo tu. Sivyo. Inapita katika ngozi. Bomba likivuja mgongoni, shati lililolowa linaendelea kukulisha sumu mpaka ulivue. Mtu huyo avuliwe nguo mara moja, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Anayemwosha ajikinge mikono kwa mipira au mifuko ya nailoni. Usimtapishe.

Hospitali wana dawa ya atropini, inayoyakausha mapafu. Iko pia pralidoksimu, inayoweza kuibandua fosforasi kutoka katika serini. Lakini gundi ile inakauka. Mgonjwa akichelewa, haibanduki tena.

Sumu hizi hazina nguvu sawa. Pirimifosi-methili, iliyomo katika dawa za Actellic za kuhifadhia mahindi, ni ya jamaa hiyo hiyo, lakini ni hafifu kwa mtu kuliko monokrotofosi. Utazitambuaje? Tazama utepe wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata kijani si ya kuonja.

Ndiyo maana sumu ikihamishiwa katika chupa ya soda inakuwa hatari zaidi. Haina rangi, haina jina, na mtoto anaijua chupa ile kuwa ni ya kinywaji. Chombo kilichokwisha nacho kisiwekewe mafuta, maji wala chumvi, hata kikisuguliwa kwa mchanga. Kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyatie katika bomba la kunyunyizia, kisha kitoboe.

Na ukimpeleka mgonjwa hospitali, chukua chombo cha sumu chenye lebo yake uende nacho. Daktari akilisoma jina, hapotezi muda kubahatisha.