Hakuna Kamyo Njiani: Je, Hatari Imekwisha?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani pamoja na watoto, tuanze kwa swali. Asubuhi, mtu anapopanda kinga kwenda kazini, anaogopa nini kuliko vyote? Jibu tunalijua sote: kamyo. Kamyo inakuja nyuma, vumbi linapanda, huoni mbele wala nyuma, na pembeni ya njia hakuna nafasi ya kukimbilia.

Sasa fikiri njia ya changarawe inayopita ndani ya pori, kilometa nyingi, na magari ya watu hayaruhusiwi kuingia hata moja. Je, hapo ungesema ajali zimekwisha?

Njia za namna hiyo ziko. Ziko Marekani, katika jimbo la Maine, kwenye kisiwa cha Mount Desert kilicho ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Pahali hapo panaitwa Hifadhi ya Taifa ya Acadia. Ndani yake kuna kilometa 72 hivi za njia za changarawe, zinazopita katikati ya miti na kando ya maziwa. Watu wanatembea kwa miguu, wanapanda farasi, wanaendesha kinga. Gari pekee unaloweza kukutana nalo ni la wafanyakazi wa hifadhi walio kazini. Tusome mambo yao, kwa maana yanatuhusu.

NJIA ILIYOJENGWA KWA AKILI

Aliyezijenga ni John D. Rockefeller Mdogo, mtoto wa tajiri mkubwa wa petroli. Mali ya jamaa yake ilitoka katika mafuta yanayoendesha magari. Lakini yeye alipenda farasi, akataka njia ambazo farasi hatakutana na gari. Kazi ilianza mwaka 1913 ikaisha mwaka 1940.

Wewe unayefanya kazi na mawe utaielewa kazi ile upesi. Mawe ya graniti yalivunjwa, yakapangwa kwa tabaka: makubwa chini, madogo juu, kisha yakashindiliwa. Njia ina upana wa karibu meta 5. Katikati imeinuka kidogo kuliko pembeni, ili maji ya mvua yasisimame bali yatelemke katika mifereji. Mito na mabonde yanavukwa kwa madaraja 17 ya mawe. Na pale ambapo pembeni kuna mtelemko mkali, mawe makubwa yamepangwa mstari ukingoni. Watu wa kule wanayaita kwa mzaha «meno ya Rockefeller». Sisi tunajua kazi yake: ni sawa na ukingo wa udongo tunaoweka kando ya njia ya kamyo katika shimo la mgodi, ili gurudumu lisipitilize.

Lakini njia nzuri ikiachwa, inakufa. Miaka ilipopita, mifereji iliziba, vichaka vikaota pembeni, maji yakaanza kula changarawe. Ikabidi zitengenezwe upya tangu mwaka 1992 mpaka 1995. Na hata leo, theluji inapoyeyuka na udongo kuwa laini, hifadhi inazifunga mpaka zikauke. Hakuna anayesema: «Nitapita haraka tu, hakuna atakayeniona.»

ONDOA HATARI KWANZA

Hili ndilo somo la kwanza. Kazini tunafundishwa kwamba kofia ngumu ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza unaondoa hatari yenyewe. Ukishindwa, unaitenga mbali na watu. Ni baadaye tu unamvika mtu kofia, miwani na viatu. Kwa hiyo katika migodi tunatenga njia ya mashini na njia ya miguu. Acadia walifanya hivyo hivyo: hawakumwambia mwenye kinga ajihadhari na gari, walimwondolea gari njiani.

Wewe huna mamlaka ya kufunga barabara ya kwenu. Lakini unaweza kuchagua. Kama kuna njia ya miguu inayozunguka nyuma ya nyumba, na inaongeza dakika 10, pita huko. Dakika 10 si kitu. Mguu uliovunjika ni miezi mingi bila kazi, na bibi na watoto wanaulipia pamoja nawe. Na mtoto anayejifunza kinga, usimfundishie kando ya barabara kubwa. Mpeleke kwenye uwanja au njia isiyopitwa na magari.

HATARI ILIYOBAKI NI WEWE MWENYEWE

Somo la pili ni gumu zaidi. Gari likiondoka, mtu analegea. Anasema: «Hapa hakuna kitu.» Anaachia freni mtelemkoni, anazungumza na mwenzake aliye nyuma, anakata kona bila kutazama. Hapo ndipo changarawe inamkamata.

Changarawe haishiki gurudumu kama lami. Mawe madogo yanabingirika chini ya mpira kama gololi. Ukikamata freni ya mbele kwa nguvu huku umepinda kwenye kona, gurudumu la mbele linateleza, na unaanguka kabla ya kuelewa kilichotokea. Kwa hiyo punguza mwendo KABLA ya kona, kinga ikiwa imenyooka, kwa freni zote mbili, polepole.

Mwendo ulioruhusiwa katika njia zile hauzidi kilometa 32 kwa saa. Tufanye hesabu. Kwa mwendo huo, kinga inakwenda karibu meta 9 kwa kila sekunde. Ukiona mtoto ametokea mbele, na mkono wako ukachelewa sekunde moja kufika kwenye freni, tayari umekwenda meta 9 bila kupunguza chochote. Kisha uzito wako na wa kinga unaendelea kukusukuma. Ukizidisha mwendo mara mbili, urefu unaohitaji ili kusimama tangu unapokamata freni unazidi mara nne. Hiyo si sheria ya hifadhi wala ya kampuni. Ndivyo mwendo ulivyo, na haumwonei mtu huruma.

Tena, katika njia zile mwenye kinga ndiye anayewapisha wote: watu wa miguu na farasi. Sababu yake iko wazi. Kinga haina kelele. Farasi akipitwa ghafula na kitu asichokisikia anaweza kuruka na kumwangusha aliye juu yake. Kwa hiyo unapunguza mwendo, unasema kwa sauti kwamba unakuja, unangoja ujibiwe, ndipo unapita. Kwetu farasi ni wachache, lakini wazee, mama aliyebeba mzigo kichwani, na mbuzi wako kila pahali. Kengele ya kinga si pambo.

FAIDA KWA MWILI

Tusiseme hatari peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linamwomba mtu mzima atumie mwili wake kwa nguvu ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kila juma. Nusu saa ya kinga kwa siku, siku tano, inakufikisha kwenye 150. Moyo unapata nguvu, na magoti hayachoki sana kwa kuwa tandiko linabeba uzito. Wewe unayekaa saa nyingi katika chumba cha mashini, hiyo ni dawa isiyokuomba franga.

Chukua maji. Na ukitoka porini jitazame ngozi, wewe na watoto: kupe wadogo wa misitu ya Maine wanaleta ugonjwa wa Lyme, na kupe wa pahali pengine wana magonjwa yao.

KABLA YA KUPANDA

1. Kamata freni zote mbili, sukuma kinga mbele. Isipokamata, usipande.
2. Bana mipira kwa vidole. Mpira uliolegea unayumba, ulio mgumu mno unarukaruka juu ya mawe.
3. Tikisa gidoni na magurudumu. Kisicholegea hakipigi kelele.
4. Tazama shene na pedali. Shene kavu inakatika mlimani.
5. Vaa kofia ngumu ya kinga na uifunge chini ya kidevu. Kule Maine sheria inamlazimisha kila mtoto wa chini ya miaka 16. Kichwa cha baba si kigumu kuliko cha mtoto.
6. Mzigo uufunge chini na katikati. Mzigo wa upande mmoja ndio unaochagua pahali pa kuangukia.

Ndugu, katika lugha yetu neno ni moja: kinga ya kupanda, na kinga ya kujilinda. Usitoke nyumbani na ya kwanza ukaiacha ya pili mlangoni. Kamyo inaweza kukosekana njiani siku nzima. Mawe, mtelemko na haraka yako havikosekani kamwe.