Mtu Mzima na Mzinga Wake wa Kwanza

 

Mji wetu wa Lusahunga, katika wilaya ya Biharamulo, ni njia panda. Barabara moja yatoka Nyakanazi kuelekea Rusumo, kwenye daraja la mpaka wa Rwanda. Nyingine yapanda kaskazini kupitia Biharamulo hata nchi ya Bukoba. Malori hupita usiku na mchana. Ukimwuliza hapa mtu mzima yeyote, awe mwenye duka, mkulima, au mwalimu wa chuo kama sisi, kama analo jambo alifanyalo kwa kulipenda tu, mbali na kazi impayo chakula, atakujibu: "Nafasi naipata wapi?" Nasi tulijibu hivyo miaka mingi.

Lililotuzindua ni swali la mtoto. Alikuwa akisoma mbele yetu Suratin-Nahl, nayo ni sura ya 16, yenye aya 128. Alipofika aya ya 68 na ya 69, ambamo Mola anatueleza kwamba amemfunulia nyuki kujenga nyumba milimani na mitini na katika wayajengayo watu, na kwamba hutoka matumboni mwake kinywaji chenye rangi mbalimbali, ndani yake mna ponya kwa watu, mtoto alisita akauliza: "Maalim, nyuki akiwa ndani ya mzinga anafanya nini?" Tukamjibu: "Anafanya asali." Akasema: "Hilo nalijua, Maalim."

Tuliona haya. Sura hiyo tumeifundisha zaidi ya miaka ishirini. Mahali pa kusimama twapajua, na mahali pa kuvuta twapajua, walakini ndani ya mzinga hatujapata kutazama hata siku moja.

Basi tulimwendea kijana mmoja wa hapa petu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu, na sasa ana manzuki yake shambani. Wazee wa nchi hii walikuwa wakitundika mizinga ya magogo na ya magome ndani ya misitu mikubwa. Lakini sehemu kubwa ya misitu hiyo, yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, wala si mahali pa mtu kwenda kutundika mzinga. Kwa hiyo afugaye nyuki leo yampasa kufuga penye ardhi yake, mbali na nyumba na njia.

Siku ya kwanza kijana alitwambia kwa adabu: "Maalim, nisamehe, leo utasimama nyuma yangu, utazame tu." Maneno haya yalikuwa mepesi kwake, mazito kwetu. Mtu aliyezoea kuulizwa hapendi kuuliza. Na aliyezoea kushika fimbo ya kuonyeshea herufi hapendi kuambiwa asimame nyuma. Hapa, ndugu wasomaji, ndipo watu wazima wengi washindwapo. Twasingizia wakati, kumbe twaogopa kuonekana hatujui.

Wala hofu hiyo haina msingi katika dini yetu. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, ametaja kwamba masahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza hali umri wao umekwisha kuwa mkubwa. Na katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii yuko Abu Bakri Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra. Huyu alikuwa fundi wa makufuli, na jina lake lenyewe latokana na kufuli. Alianza kusoma fiqhi akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akawa mwalimu wa maulamaa. Na hapa kwetu, Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na mshahara wa serikali ulikuwa riziki yake kwa miaka mingi. Walakini twamjua leo kwa yale aliyoyaandika pamoja na kazi hiyo.

Tukatenga Alhamisi, baina ya Alasiri na Magharibi, kwa kuwa siku hiyo chuo hufungwa mapema. Tukapata mzinga mmoja, tukaupaka nta ndani ili harufu iwaite nyuki, tukautundika kwa waya ili wadudu na nyegere wasiufikie kwa urahisi. Wiki chache baadaye kundi likaingia.

Hapo tulifanya kosa letu. Furaha ilitushinda, tukawa twafungua mzinga mara kwa mara, hata mchana wa jua kali, na moshi hautoshi, ili tu tuone masega yamefikia wapi. Nyuki wa nchi zetu hawapendi kusumbuliwa. Wakiudhiwa sana huhama. Alhamisi moja tulikuta mzinga kimya, na siafu wanatembea juu ya masega matupu. Watoto chuoni wakauliza: "Maalim, nyuki wako wamekwenda wapi?" Tukataka kuacha. Lakini mtoto akosapo aya hatumwambii afunge msahafu aende zake. Twamwambia arudi mwanzo wa aya. Basi nasi tukarudi mwanzo.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Kila Alhamisi jioni tulikuwa na desturi ya kumzuru mama mkwe wetu, ambaye ni mgonjwa. Mama watoto alinyamaza wiki tatu, ya nne akasema: "Nyuki wana haki, na mama yangu je?" Tukakumbuka habari ya Salman Al-Farisi alipomwonya Abu Dardaa, aliyezidisha ibada hata akawasahau watu wake, kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa sunna haikuruhusiwa kula haki ya nyumba, itakuwaje mzinga? Tangu hapo twamzuru mama kwanza, na nyuki hupata kinachobaki. Kumbe saa moja yawatosha.

Na katika saa hiyo moja tumejifunza mengi. Malkia hutoka katika chumba chake baada ya siku 16, nyuki kibarua baada ya siku 21, na dume baada ya siku 24. Vibarua wote ni majike. Nasi tulikuwa tukisoma siku zote kwamba amri katika aya zile imekuja kwa tamko la kike, tusifikiri sana. Tumejifunza kuvuna jioni na si mchana. Kuchukua sega lililofunikwa kwa nta tu, kwa kuwa asali mbichi huchacha. Kuacha sega lenye majana. Na kuwabakizia nyuki chakula chao. Kadhalika tumejifunza kuwaweka watoto mbali, kwa maana wako watu ambao sumu ya nyuki mmoja yaweza kuwaua.

Enyi vijana na wazazi, si lazima liwe nyuki. Huyu ajifunze kushona kofia, yule hati nzuri ya Kiarabu, mwingine kupandikiza miche ya matunda. Ila anzeni na kitu kimoja. Tafuteni mwalimu, ajapokuwa mdogo kwenu. Wekeni saa yake, wala isiwe saa ya mtu mwingine. Na mwaka wa kwanza msihesabu faida. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa kidogo, na kwamba afya na nafasi ni neema mbili ambazo wengi hupata hasara kwazo.

Mavuno yetu ya kwanza yalijaza chupa mbili. Moja tulimpelekea mama mkwe. Ya pili tulikwenda nayo chuoni, tukamwita yule mtoto aliyeuliza, tukamwonjesha, kisha tukamjibu swali lake kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jingine ambalo hatulijui. Alhamisi ijayo, Mungu akipenda, tutamwuliza mwalimu wetu.