Waandishi Walioingia Bungeni (3): Grace Ogot na Lugha ya Bibi Yake

Tangu Jumatatu magari yenye vipaza sauti yanapita hapa Mosocho, wataka kura wakitusalimu kwa Ekegusii kitamu. Ndipo nilipozidi kumkumbuka Grace Ogot, tuliyemwacha juma lililopita akiwa ametoka London, alikosomea ukunga na kutangaza katika BBC.

Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere. Vitabu vya Afrika Magharibi vilikuwa mezani. Vya kwetu havikuwapo. Aliumia, akaenda kuandika. Mwaka 1966 ikatoka The Promised Land. Humo Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. Jirani anamroga Ochola, ngozi yake inaota miiba, na hospitali inashindwa. Riwaya hiyo ingefaa kusomwa katika kila boma la Wagusii, sisi tuliogawiana mashamba mpaka yakawa vipande vya kupanda migomba michache, kisha watoto wetu wakahama. Na aliyeandika kuwa hospitali ilishindwa alikuwa muuguzi aliyefunzwa Mengo! Hakuona haya kukiri kwamba wagonjwa wake walikuwa na dunia nyingine nje ya wodi.

Lakini linaloniwasha zaidi ni lugha. Akiwa na jina kubwa kwa Kiingereza, Ogot alirudi kwenye Dholuo, lugha ya hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Mwaka 1981 alitoa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul. Mwaka 1983 Miaha, yaani bibi harusi, na Simbi Nyaima, jina la ziwa lile la karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kwamba kijiji kilizama pale kwa kumfukuza bikizee aliyeomba hifadhi. Sisi nasi tuna emegano zetu, yaani hadithi za kale. Nimefundisha miaka mingi, na nimeona mtoto akichapwa kwa kuongea Ekegusii darasani. Ni dhambi, na wazazi tuliinyamazia.

Mwaka huohuo wa 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge. Mbunge wa Gem, Horace Ongili Owiti, alipouawa mwaka 1985, Ogot alikiacha kiti cha kuteuliwa, kiti kisicho na jasho, akaenda kuomba kura. Akashinda, akashinda tena mwaka 1988, na akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Watu wa Gem walimpigia kura mtu aliyekwisha kuiheshimu lugha yao kwa maandishi, kabla hajawaomba chochote.

Kwa hiyo gari la kipaza sauti likisimama langoni kwangu, sitauliza habari za barabara. Nitamwomba mgombea aniletee kitabu kimoja cha Ekegusii kutoka nyumbani kwake, anisomee ukurasa mmoja.