SOMA KWANZA, KISHA NENDA MKUTANONI
Jinsi ya kuhifadhi makala za intaneti na kuzitumia katika mikutano ya wajasiriamali

Ndugu mkazi wa Nakivale,

Katika vijiji vyetu wapo watu wengi wenye biashara ndogo, au wenye wazo la kuanzisha moja: kutengeneza sabuni, kushona nguo, kuchaji simu kwa sola, kusaga mahindi, kukausha samaki. Wengi wenu mmesikia pia habari za mikutano ya Mbarara na Kampala, ambako watu wenye kampuni changa hukutana, hueleza kazi zao na kutafuta washirika. Wengine wamekwenda. Baadhi yao wamerudi na kazi, na baadhi wamerudi na soda waliyokunywa tu.

Tofauti kubwa kati ya hao wawili ni maandalizi. Nauli ni fedha iliyotoka kwenye chakula cha nyumbani. Ukifika ukumbini bila kujua la kuuliza, fedha hiyo imepotea. Ndiyo maana karatasi hii inaeleza mambo mawili pamoja: namna ya kuhifadhi makala za intaneti ili uzisome bila mtandao, na namna ya kuutumia ulichosoma siku ya mkutano.

KWA NINI KUHIFADHI MAKALA?

Sababu ya kwanza ni gharama. Makala ya maneno 1,500, yakiwa maandishi matupu, ni kama kilobaiti 10. Ukurasa huohuo ukiwa na picha na matangazo mara nyingi hupita megabaiti 2, yaani mara 200 zaidi. Kila unapoufungua upya unaweza kuulipia upya. Ukiuhifadhi mara moja, unausoma hata mara kumi bila kugusa bando. Mkumbuke kwamba mwezi wa Julai 2021 serikali ya Uganda iliweka kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti.

Sababu ya pili ni mtandao wenyewe. Hupotea wakati wa mvua, hupotea ukishuka bondeni, na unaweza kuzimwa kabisa. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudishwa tarehe 18. Aliyekuwa na makala zake ndani ya simu aliendelea kusoma.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Kichwa hushika hadithi, lakini hakishiki vipimo. Gramu, bei, majina ya ofisi na hatua za kufuata ni lazima viwe mahali unapoweza kuvitazama tena.

JINSI YA KUHIFADHI KWENYE SIMU

Kwa simu ya Android yenye programu ya Chrome, fuata hatua hizi:

1. Fungua makala na usubiri ukurasa ufunguke wote hadi chini.
2. Gusa vidoti vitatu vilivyo juu upande wa kulia.
3. Gusa alama ya mshale unaoelekea chini. Ukurasa utahifadhiwa ndani ya simu.
4. Kuupata tena, gusa vidoti vitatu, kisha orodha ya vilivyopakuliwa.
5. Zima data na ujaribu kuufungua. Ukifunguka, kazi imekwisha. Usisubiri kufanya jaribio hili ukiwa tayari ndani ya basi.

Ukitaka kumpa jirani makala hiyo, au kuihamishia kwenye kifaa kingine, ni vizuri uigeuze kuwa faili la PDF. Katika vidoti vitatu chagua kushiriki, kisha kuchapisha, na mahali pa printa uchague kuhifadhi kama PDF. Faili hilo unaweza kulituma kwa Bluetooth bila kutumia bando lolote.

Programu ya Wikipedia nayo ina alama ya kuhifadhi makala. Kwa anayetaka zaidi, ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo huweka Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu au kompyuta. Faili lake ni kubwa. Kwa hiyo mtu mmoja alipakue penye Wi-Fi, kisha wengine walinakili kwa memori kadi.

Kama una simu ndogo ya vitufe, usijione umeachwa. Kikundi cha watu watano kinahitaji simu moja tu yenye makala, na msomaji mmoja anayesoma kwa sauti huku wengine wakiandika kwenye daftari.

KAMA UNA KIFAA CHA KUSOMEA VITABU

Vifaa kama Kindle na Kobo vimefika katika baadhi ya shule na maktaba za Afrika. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilisambaza Kindle katika shule za nchi kadhaa. Faida ya kifaa hiki ni umeme: kioo chake hutumia chaji wakati ukurasa unapogeuzwa, hakiwaki muda wote kama cha simu. Chaji moja inaweza kukaa wiki kadhaa, na maandishi husomeka vizuri hata juani. Kwa familia inayolipia kuchaji simu, hilo si jambo dogo.

Yajue mambo haya matatu:

- Faili la EPUB hujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo, na unaweza kukuza herufi. Faili la PDF halijipangi, kwa hiyo kwenye kioo kidogo herufi huwa ndogo sana.
- Kobo hufungua EPUB na PDF ulizonakili kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta.
- Kindle hufungua PDF iliyonakiliwa kwa waya, lakini EPUB haifunguki kwa njia hiyo. EPUB itume kwa anwani ya barua pepe ya kifaa hicho, inayoishia na @kindle.com, huduma hiyo ilianza kupokea EPUB mwaka 2022. Kwanza ni lazima anwani yako iwekwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma. Kama kifaa ni cha maktaba, mwombe msimamizi akufanyie.

WEKA NAKALA MKONONI MWAKO

Zipo huduma zinazokutunzia makala kwenye intaneti, kama Instapaper iliyoanza mwaka 2008. Zinafaa, kwa sababu huondoa matangazo na kubakiza maandishi. Lakini jifunzeni kutokana na Pocket. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007, ikatumiwa na mamilioni ya watu, ikanunuliwa na Mozilla mwaka 2017. Tarehe 8 Julai 2025 ilifungwa. Watumiaji walipewa miezi michache tu ya kuondoa orodha zao.

Sisi wakimbizi tunajua maana ya kuacha vitu katika nyumba usiyoweza kuirudia. Makala yenye thamani kwako iwe na nakala kwenye memori kadi au flashi, na vipimo muhimu viwe vimeandikwa daftarini kwa kalamu.

UHIFADHI MAKALA GANI?

Usihifadhi kila kitu. Chagua makala zinazojibu swali la kazi yako. Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza sabuni ya kipande kwa mafuta ya mawese.

Makala ya kwanza iwe ya ufundi. Atajifunza kwamba kilo 1 ya mawese inaweza kugeuza kostiki ya gramu 140 hivi, na kwamba watengenezaji huweka pungufu kidogo ili kostiki isibaki kwenye sabuni na kuunguza ngozi. Ataona pia kwamba mafuta ya nazi huhitaji gramu 180 hivi kwa kilo. Basi anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo cha kostiki anaharibu sabuni. Atasoma tena kwamba kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kurukia macho.

Makala ya pili iwe ya sheria. Nchini Uganda majina ya biashara husajiliwa na ofisi ya URSB, na viwango vya bidhaa husimamiwa na UNBS. Mwenye duka kubwa la Mbarara atauliza alama ya UNBS kabla ya kuuliza bei.

Makala ya tatu iwe ya soko: nani ananunua, kwa kipimo gani, na wengine wanafunga bidhaa zao namna gani.

Baada ya kusoma makala hizo tatu, maswali yaliyobaki bila jibu yaandikwe. Hayo ndiyo maswali ya kupeleka mkutanoni. Usitumie muda wa mtaalamu kumwuliza jambo ambalo makala imekwisha kukujibu.

MIKUTANO HII NI NINI?

Katika Kampala vituo vya kampuni changa vilianza kufunguliwa miaka mingi iliyopita: Hive Colab mwaka 2010 na Outbox mwaka 2012. Hapa Nakivale kwenyewe vijana wakimbizi walianzisha Opportunigee, kwa mfano wa SINA, mahali pa kujifunza ujasiriamali palipoanzia Mpigi. Mikutano ya namna hii ni ya aina nyingi. Mingine ni ya jioni moja: mtu aliyefanikiwa anazungumza, watu wanauliza maswali, kisha wanasalimiana. Mingine huchukua siku kadhaa.

Aina moja inayojulikana duniani ni Startup Weekend, iliyoanzia Boulder, Marekani, mwaka 2007. Huchukua saa 54, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Ijumaa kila anayetaka hupewa sekunde 60 kueleza wazo lake. Watu huchagua mawazo machache, huunda vikundi, hufanya kazi, na Jumapili huonyesha kazi yao mbele ya majaji. Utaona kwamba hakuna anayepewa nusu saa ya kueleza maisha yake.

SIKU YA MKUTANO

Andaa maneno ya dakika moja. Sema wewe ni nani, unafanya nini, umefikia wapi, na unahitaji nini. Kwa mfano:

"Natengeneza sabuni ya kipande kwa mawese. Nauza sokoni Nakivale mara mbili kwa wiki. Wenye maduka wananiuliza kama imepimwa. Namtafuta mtu aliyepitia hatua za UNBS akiwa mtengenezaji mdogo."

Mtu akisikia maneno hayo anajua akusaidie wapi. Akisikia tu "mimi ni mkimbizi, naomba msaada", atakuhurumia, lakini hajui afanye nini na wewe. Hali yetu si ya kuficha. Lakini mahali hapo tumekwenda kwa kazi, na kazi itangulie.

Mikutano mingi huendeshwa kwa Kiingereza. Kama umesoma kwa Kifaransa, mwombe kijana anayejua Kiingereza akuandikie maneno yako ya dakika moja, uyasome kwa sauti mpaka yakae mdomoni. Au nendeni wawili, mmoja akimtafsiria mwenzake.

Beba kipande cha bidhaa yako, daftari, kalamu, na simu yenye makala ulizohifadhi. Usijaribu kujuana na watu 30. Watu 3 mliozungumza vizuri wanatosha. Andika jina la kila mmoja, namba yake na jambo mliloongea kabla hujaondoka ukumbini. Kisha ndani ya siku mbili mtumie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kumkumbusha swali lako. Wengi hushindwa hapa: walikutana na mtu anayefaa, wakanyamaza.

TAHADHARI

1. Mkutano wa kweli unaweza kuwa na kiingilio kinachojulikana wazi. Lakini anayekuambia utume fedha kwa simu ili "ufunguliwe" ruzuku au mkopo ni mwizi. Usitume.
2. Usimpe mtu namba yako ya siri ya fedha za simu, wala picha ya kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya familia, kwa sababu tu amesema ni mratibu. Uliza kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya shirika.
3. Hakuna mkutano wa biashara unaotoa nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Huduma za wakimbizi hutolewa bure.
4. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi. Hata hivyo beba kitambulisho chako, na kabla ya kuondoka uliza ofisi ya Waziri Mkuu iliyo hapa kambini kama safari yako inahitaji barua.
5. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Mama na binti wasisafiri peke yao usiku kwa sababu ya mkutano.
6. Makala uliyohifadhi ni ya kusoma na kujifunza. Usiichapishe na kuiuza, kwa kuwa ina mwenyewe.

KWA KIFUPI

Wiki hii hifadhi makala tatu za kazi yako, zima data, zisome, na uandike maswali yaliyobaki. Mkutano ukitangazwa, utakuwa tayari. Na hata nauli ikikosekana, makala zitabaki mkononi mwako, na kazi itasonga mbele hatua moja.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee.